Kengele za Wageni

Nyumbani kwetu kulikuwa na kabati la vioo, na ndani yake vikombe vyeupe vyenye ua la buluu ubavuni. Sisi wenye nyumba hatukuwahi kuvinywea. Vilikuwa vya wageni. Sisi tulikuwa na vikombe vya bati, na vile vya ua vilikaa nyuma ya kioo vikitutazama tunavyoungua midomo.

Ufunguo wa kabati alipewa dada yangu mkubwa. Mimi kitindamimba sikuaminiwa hata kupita karibu. Kila wiki Dada alivitoa, akavipangusa, akavirudisha, akafunga. Mgeni akija, alivileta kimoja kimoja kwa mikono miwili. Mgeni akiondoka, vilioshwa kabla kiti hakijapoa. Mama alimsifu mbele za watu kwamba mtoto huyu hajawahi kuvunja kikombe. Ni sifa kubwa, ukizingatia kwamba kuvitumia ilikuwa marufuku.

Nimeanza na vikombe kwa sababu habari za dada yangu zote zimo humo. Alisomea uuguzi, akafanya kazi wodini mpaka nywele zikaanza kubadilika, kisha akapewa makao ya wazee ayasimamie, na kote huko alibaki mtoto yule yule mwenye ufunguo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Waliosema hivyo walikuwa wanawaonya wazazi wa watoto watundu. Hawakuwahi kukutana na mtoto mtiifu.

Makao yenyewe ni jengo refu lisilo na ghorofa, korido katikati, vyumba huku na huku. Mwisho mmoja kuna jiko, mwisho wa pili kuna ofisi ya Dada, na nyuma ya ofisi kachumba anakolala. Kati ya ofisi na chumba cha kufulia kuna stoo, na stoo hiyo ndiyo iliyompa jina. Watumishi wanamwita Bi Stoo, akiwa mbali. Mimi ndiye fundi wa makao: nabadilisha taa, nazibua masinki, nakaza vitasa. Kazi hii niliipata kwa sifa za kitaaluma, yaani kuzaliwa tumbo moja na bosi.

Kanuni za kutunza wazee si siri. Kila kitanda kiwe na kengele, na mzee aifikie akiwa amelala. Bafuni kuwe na mkeka wa mpira na vishikio ukutani. Asiyeweza kujigeuza apewe godoro la hewa, asije akapata vidonda. Mlango wa dharura ufunguke bila kuita fundi. Makosa yanayofanya makao yafungiwe nayo si siri, ni hayo hayo yakigeuzwa: kengele haipo, mkeka haupo, mzee ameanguka, mzee ameoza mgongo. Dada aliyajua yote kwa ghibu, na alinunua kila kilichotakiwa. Naomba asitokee mtu wa kumsingizia dada yangu kwamba alikosa kitu hata kimoja. Vyote vilikuwepo. Vilikuwa stoo, ndani ya nailoni zake.

"Dada, hizi kengele si tuzifunge?" nilimuuliza wakati ule ndiyo kwanza nimeanza kazi.

"Zitachafuka."

"Na mikeka?"

"Wataikanyaga."

Nikaona ni kweli. Mkeka wa bafuni ukiuweka bafuni, watu wataukanyaga. Ndiyo tabia ya watu.

Wakaguzi, kwa ustaarabu wao, hutanguliza barua. Barua ikifika, Dada alifungua stoo, na mimi nilitembea korido nzima na bisibisi na ngazi. Nilifunga kengele kila kitanda, nikakaza vishikio, nikajaza magodoro upepo. Wahudumu walitandika mashuka ambayo bado yalikuwa na mikunjo ya dukani. Kesho yake mkaguzi alipita akitikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika neno "bora", akaaga. Keshokutwa yake nilipita tena na ngazi ile ile, nikifungua nilichofunga. Funika kombe mwanaharamu apite, ndiyo ilikuwa sera yetu ya afya na usalama.

Wazee nao walijifunza. Siku ya mgeni walikula nyama laini, walilala pazuri na waliitwa "babu" na "bibi" kwa sauti ya sukari. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori, mgongo umeisha kwa usukani, ambaye kila nilipokuja kumtolea godoro la hewa aliniuliza swali moja.

"Fundi, huyu mkaguzi anarudi lini?"

"Mwakani, mzee."

"Mwambie asikawie. Mgongo wangu unampenda."

Ukutani ofisini vyeti vilipangana, vimewekwa fremu, na chini yake bango lililoandikwa "Kinga ni bora kuliko tiba." Dada alilipangusa kila wiki, pamoja na vyeti.

Kisha Mama akaletwa.

Miguu yake ilikuwa imeanza kumgomea. Mimi naishi chumba kimoja juu ya duka, ngazi zake hata paka huzifikiria kwanza kabla ya kupanda. Dada anaishi kazini. Kwa hiyo Mama alipewa chumba kinachotazamana na ofisi. Dada alimwambia ni siku chache tu, mpaka miguu ipate nguvu. Mama akaja na kanga zake, redio yake na kikombe chake kimoja cha bati, ameliacha kabati la vioo nyumbani limefungwa vizuri. Wahudumu walimwona mzee mwenye adabu kuliko wote. Alikaa pembeni mwa kitanda, hakuegemea mto, hakuomba kitu mpaka aulizwe. Akizidiwa na haja, aligonga kikombe cha bati kwenye chuma cha kitanda, na Dada alimsikia kutoka ofisini, akaenda.

Mfumo huu ulifanya kazi vizuri sana, ilimradi Dada asiondoke ofisini maisha yake yote.

Ikatokea akaondoka. Alialikwa mjini kwenye semina, na jina la semina silizui mimi: Kuzuia Makosa ya Kawaida ya Kanuni Katika Makao ya Wazee. Alivaa gauni lake la heshima, akanikabidhi ufunguo wa stoo kwa maneno mengi, maana barua ya mkaguzi ilikuwa imeshafika na ukaguzi ulikuwa wiki iliyofuata. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kupangusa kengele vumbi. Nikajifungia stoo, nimezungukwa na kengele tele, nazipangusa moja baada ya nyingine mpaka zinang'aa. Chumba cha pili mashine ya kufulia ilikuwa inakamua mashuka na kunguruma. Mhudumu wa zamu alikuwa mwisho wa korido anamlisha dereva.

Mashine iliponyamaza ndipo nikasikia sauti, nayo haikuwa ya bati.

"Jamani," ilisema, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua.

Nilimkuta Mama bafuni, amekaa kwenye vigae vilivyolowa, mgongo ukutani, mkono wa kushoto ameupakata. Kikombe kilikuwa kitandani. Chuma cha kitanda kilikuwa kimechubuka rangi pale alipogonga, na alikuwa amegonga mahali pengi.

"Sijavunja kitu, mwanangu," aliniambia.

Nilidhani anazungumzia mifupa. Kumbe alikuwa anazungumzia sinki.

Kifundo cha mkono kiliteguka, na nyonga ikavimba ikabadilika rangi. Daktari alisema ana bahati. Dada alirudi jioni na mkoba wa semina, kalamu ya semina na cheti cha semina. Nikamwambia. Aliingia kwa Mama, akatoka, akaenda ofisini, akakaa chini ya bango lake akalia kwa muda mrefu, bila sauti, cheti kipya bado kiko mapajani.

"Mchana nilikuwa nafundishwa jinsi ya kuzuia wazee wasianguke," alisema. "Nilijibu maswali yote."

"Basi nizifunge kengele sasa hivi. Na mikeka niitandike."

Akafuta macho. Nikamwona anarudi kwenye nafsi yake, hatua kwa hatua, mpaka akafika stoo.

"Ukaguzi ni wiki ijayo," alisema. "Zikifungwa leo, siku hiyo zitakuwa na alama za vidole."

Nilikasirika. Nimekasirika hata sasa ninapoandika, na ni dada yangu, na nampenda.

"Dada, huyu ni mama yetu."

"Ndiyo sababu. Leseni inaisha. Safari hii wakiona doa, wanafunga mlango. Wakifunga, hawa wazee wengine watachukuliwa na watoto wao. Mama atachukuliwa na nani? Wewe? Utampandisha zile ngazi mgongoni?"

Nilizihesabu zile ngazi kichwani. Mama hakuwa na pa kwenda zaidi ya pale, na pale pote palining'inia kwenye karatasi moja ya leseni. Kwa hiyo tukafanya kama tulivyozoea. Wiki nzima Mama aliendelea kugonga bati kwa mkono mmoja, na kengele ziliendelea kung'aa stoo.

Siku ya ukaguzi makao yalipendeza mpaka yakatisha. Korido ilinukia sabuni. Mikeka ilikuwa myeusi ti, haijawahi kuona maji. Wazee, ambao sasa walikuwa wazoefu, walikaa kwa uangalifu ili wasiharibu kitu. Mwalimu mstaafu wa chumba cha mwisho alikuwa ameketi kwenye kiti tangu kunapambazuka, kitanda chake kimetandikwa hakina kunyanzi.

Mkaguzi alikuwa mpya: mama wa makamo, viatu vya chini na sauti ya chini zaidi. Yule wa zamani alikuwa anatazama mashuka. Huyu alitazama watu.

"Mwalimu, mbona hujalala kidogo?" alimuuliza mstaafu.

"Nasubiri mgeni aondoke," mwalimu akajibu kwa heshima. "Ukiweza harakisha, mgongo unaniuma."

Dada alicheka kicheko kifupi cha kuomba msaada. Mkaguzi hakucheka. Akaenda mpaka chumba cha Mama, mimi na Dada tukimfuata nyuma, akavuta kiti akakaa, akampa Mama pole ya mkono uliofungwa bendeji.

"Bibi, ukitaka msaada unafanyaje?"

"Nagonga, mwanangu," Mama akasema, akamwonyesha kwa kugonga kikombe kwenye chuma. "Binti yangu yuko pale ng'ambo, anasikia."

"Na hii kengele hapa?"

Mama aliitazama kengele, akamtazama mkaguzi kwa huruma, kama vile anamfundisha mtoto wa mwenzake adabu ya nyumba.

"Hiyo ya wageni, mwanangu. Bonyeza wewe, usiogope. Ukishaondoka wataiweka mahali pake." Kisha, kwa fahari ambayo sijaisahau, akamnyooshea Dada mkono mzima. "Huyu nimemlea mwenyewe. Tangu mdogo hajawahi kuvunja kikombe."

Nilitamani vigae vifunguke. Dada alisimama wima, mikono nyuma, uso umebaki na tabasamu ambalo mwenyewe alikuwa amelisahau pale.

Mkaguzi akabonyeza.

Kengele ililia vizuri mno. Ililia korido nzima, safi, kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Mhudumu mmoja alijipapasa mfukoni akatoa simu yake, akaitazama, akairudisha. Wa pili akatoa yake. Mpishi akatoka jikoni ameshika mwiko akauliza kama ni gesi. Dereva wa malori akapaza sauti kutoka kitandani kwamba kuna gari linarudi nyuma, watu wajihadhari. Hapakuwa na mtu hata mmoja katika jengo lile aliyejua kwamba sauti hiyo maana yake ni mzee anaita, kwa sababu katika miaka yote hakuna mzee aliyewahi kuita kwa sauti hiyo. Mkaguzi alingoja na kidole juu ya kitufe, na hakuna aliyekuja.

Mlangoni Dada akamuuliza, kwa sauti iliyokauka, barua ya matokeo itafika lini.

"Hakuna barua," mkaguzi alisema. "Nitarudi mwenyewe, siku nitakayoona. Nitakuja na leseni au nitakuja na kufuli. Hilo liko kwenu."

Tuliporudi chumbani Mama alikuwa anangoja kwa hamu.

"Ameridhika?" akauliza. "Nimekusifu sana."

"Ameridhika, Mama," Dada akasema.

Alasiri nilichukua bisibisi na ngazi, mguu wenyewe unajua njia. Nikamkuta Dada stoo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Stoo ilikuwa tupu, kila kitu kiko nje kwenye vyumba, na yeye alikuwa anatazama rafu zisizo na kitu.

"Weka chini hiyo bisibisi," alisema.

"Zitachafuka, Dada." Samahani, lakini nilikuwa nimelingoja neno hilo muda mrefu.

"Zichafuke."

Hapo ungedhani mambo yamekwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tuliujenga ukuta tena tukaupaka rangi. Kuuvunja si kazi ya alasiri moja. Kengele zilikaa vitandani na hakuna aliyezigusa. Mwalimu mstaafu aliuviringisha waya wa kengele yake akaufunika kwa leso safi. Wengine walitandaza taulo juu ya mkeka ili usipate maji. Dada alipita chumba kwa chumba akiwaambia ni vya kwao, watumie, na wao wakaitikia "ndiyo bosi" kwa sauti ya watu wanaojua kwamba huo ni mtihani. Na mkaguzi angeweza kuingia wakati wowote.

Mama ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Aliendelea kugonga. Siku moja nilikuwa chumbani kwake nakaza kishikio cha bafuni, Dada akaja kuitikia bati, akachukua kengele akaiweka kwenye kiganja cha Mama.

"Mama, nakuomba. Hii ni yako."

"Na mgeni akija?"

"Mgeni ni wewe, Mama," Dada akasema. Alifikiri amepata jibu la akili, nilimwona anafurahi.

 Mama akairudisha kengele juu ya kimeza polepole.

"Mimi mgeni?"

"Ndiyo. Vitu vizuri vyote hivi ni kwa ajili yako."

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Mama akasema. "Mimi mvua zimenikuta hapa zimeniacha hapa, sijashikishwa jembe. Tena mgeni huaga. Niambie basi, naondoka lini?"

Dada akanitazama. Mimi nikatazama skrubu. Ilikuwa skrubu ya kupendeza.

"Uliniambia siku chache, miguu ipate nguvu," Mama akaendelea. "Inapata?"

Dada yangu aliwahi kuidanganya serikali nzima kwa macho makavu, mwaka hadi mwaka, na vyeti akapewa. Hapo hakuweza. Akakaa kitandani kando ya Mama, kitu ambacho wahudumu wanakatazwa.

"Haipati, Mama. Daktari alisema tangu mwanzo. Hutarudi nyumbani."

 Nilisikia bomba linadondoka bafuni, bomba ambalo nilikuwa nimesema nimelitengeneza. Mama alilaza kiganja kwenye shuka akalinyoosha, akalinyoosha tena, macho chini. Sikujua kama analia, na niliogopa kuangalia.

"Ungeniambia mapema," akasema mwishowe, "nisingekaa pembeni mwa kitanda muda wote huu."

Kisha akajivuta. Kwa mkono mmoja, taratibu, akajisogeza mpaka katikati ya godoro, akaegemea mto mpaka mto ukabonyea. Dada alitaka kumsaidia akakataliwa kwa jicho.

"Haya. Kama siondoki, mimi si mgeni. Nipe jembe langu."

"Jembe gani, Mama, na mkono huo?"

"Hizo kengele. Nani anazijaribu asubuhi kama zinalia?"

"Fundi," Dada akasema.

Mama akageuza kichwa kuelekea bafuni. "Fundi ni huyu niliyemzaa mimi?"

Kesho yake akaanza. Nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, chumba hadi chumba, na kila chumba alimtaka mwenye kitanda abonyeze mbele yake, kisha tulingoja mhudumu afike. Aliyechelewa aliulizwa alikuwa wapi. Aliyekuja mbio aliulizwa kwa nini anakimbia kwenye sakafu yenye maji. Aliyekuja bila kunawa alirudishwa. Mikeka aliikanyaga kwa ncha ya mguu akiwa kitini kuona kama inateleza, na mataulo yaliyokuwa juu yake yaliishia mikononi mwangu. Mwalimu mstaafu alijaribu kumweleza kwamba vifaa vya umma havichezewi.

"Bonyeza, Mwalimu," Mama akamwambia, "au nikubonyezee."

Akabonyeza. Mhudumu alipotokea kweli na kumuuliza shida yake, mwalimu alibabaika, akasema hana shida, kisha akasema kwa kweli anayo, mgongo, tangu mwaka juzi. Dereva hakuhitaji mahubiri. Alipiga kengele yake kwa kila kitu, kama honi, mpaka Dada akamwekea sheria.

Watumishi walimchukia Mama kwa upendo wote. Waliacha kumwita Dada Bi Stoo kwa sababu walipata mtu mkali zaidi wa kumpa jina. Kengele zikajaa alama za vidole. Mikeka ikapauka. Ndani ya muda mfupi makao yetu, kwa jicho la zamani la Dada, yalikuwa yamechakaa kabisa.

Ndipo mkaguzi akaingia, bila barua, asubuhi, wakati Dada amekunja mikono ya gauni anabadilisha shuka lililolowa na nywele zimemtoka kilembani. Dada alimwona, akashika shuka lile kifuani. Mkaguzi alimpita akafuata sauti ya kengele mpaka kwa dereva, ambako Mama alikuwa kazini.

"Umeingia bila kunawa mikono," Mama akamwambia.

Mkaguzi akatoka akaenda kunawa.

Alitukuta na kosa moja tu: mlango wa dharura ulikwama bawaba, akausukuma kwa bega ndipo ukafunguka. Hilo nisimsingizie mtu, mafuta ya bawaba ni kazi ya fundi. Nilipewa siku hiyo hiyo kulirekebisha. Leseni aliitoa mkobani akaiweka juu ya meza ya Dada, na Dada hakuitia fremu. Alijifunika nayo uso akalia, safari hii kwa sauti, nikafunga mlango wa ofisi.

Baadaye tuliihamisha nyumba ya Mama. Kabati la vioo halikuenea popote, tukampa jirani. Vikombe vya ua nilivileta makaoni kwenye boksi la majani makavu. Na dada yangu, aliyeokoka, aliyetubu, aliyeona mwanga, akavifunga kimoja kimoja kwenye nailoni akavipandisha rafu ya juu kabisa ya stoo. Ufunguo akautia mfukoni. 

Alasiri moja kengele ya Mama ikalia. Kila mtu makaoni anajua kwamba Mama hukagua asubuhi. Na yake mwenyewe, ya shida zake, hakuwahi kuibonyeza hata baada ya yote. Dada aliacha simu mezani mtu bado anaongea, akavuka korido na kiatu kimoja. Mimi nikamfuata na bisibisi, sijui ya nini.

Mama alikuwa amelala katikati ya kitanda, ametulia, chupa ya chai iko kwenye kimeza.

"Umeanguka?" Dada akauliza, anahema.

"Nimelala, nitaangukaje? Katoe vile vikombe vya ua."

Mkono wa Dada ulikuwa umeshaingia mfukoni kwenye ufunguo kabla sentensi haijaisha. Akanyoosha kilemba, akatazama dirishani, akatazama mlangoni.

"Nani anakuja, Mama?"

"Ni wewe, umeshakuja," Mama akasema. "Kavilete, kisha ukae."

Akavileta. Akakaa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, namna ile ile aliyokuwa akiwapelekea wageni, na hakukinywea mpaka Mama alipomwambia chai inapoa. Mimi nilimiminiwa kwenye kile cha bati.